Mume wangu ana 50, 20 na 10, mbona VA wanasema 60?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Texas, mume wangu alikuwa jeshi la Marekani akaenda mpaka Afghanistan, karudi na mgongo mbovu, masikio yanalia muda wote na usiku anashtuka hovyo. Alipeleka madai ya ulemavu VA, ile idara ya Marekani ya wanajeshi wastaafu, wakampa asilimia 50 ya PTSD (msongo wa akili baada ya vita), mgongo 20, masikio 10, goti wakalikataa kabisa ati hakuna kinacholiunganisha na jeshi. Mimi nikijumlisha napata 80 ila barua inasema 60! Kuna jamaa anasema atatufuatilia ila tumkatie fungu malimbikizo yakitoka. Tumpe? – Mama Nuru

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na shemeji mpe pole nyingi. Kwenye hesabu hawajawaibia, 60 ni sahihi kwa kanuni yao, ila hilo goti msiliachie hata kidogo.

VA hawajumlishi asilimia kama sisi dukani. Wanaanza na mtu mwenye afya kamili, yaani 100, wanatoa ulemavu mkubwa kwanza, 50, anabaki na 50. Mgongo ni 20% ya ile 50 iliyobaki, yaani 10, tumefika 60. Masikio ni 10% ya ile 40 iliyobaki, yaani 4, inakuwa 64, halafu wanapeleka kwenye kumi ya karibu, ndo hiyo 60 yenu. Ingefika 65 wangeandika 70. Sasa tia goti hapo, hata wampe 10 tu, ni 10% ya 36, karibu 4, mnafika 68, na 68 inaandikwa 70! Na hiyo 70 si nyongeza ya mwezi tu, maana mwenye 70 ambaye ulemavu wake mmoja umefika 40, na shemeji anao wa 50, kama hali hiyo inamfanya ashindwe kushika kazi ya kumweka mjini anaweza kuomba alipwe sawa na wa 100.

Kwa nini walikataa? Wanataka vitu vitatu: ugonjwa uwepo sasa hivi, kuwe na kitu kilichotokea jeshini, na daktari aviunganishe hivyo viwili. Hapo kwenye kuunganisha ndo watu wengi wanaangukia. Daktari akiandika "huenda" haisaidii, lakini pia hatakiwi awe na uhakika wote, inatosha aandike kwamba uwezekano wa kuwa limetokana na jeshi ni nusu kwa nusu au zaidi, na aeleze sababu. Ushahidi ukilingana pande zote sheria inasema apewe mwanajeshi.

Kama kule jeshini alikaza tu bila kwenda kwa daktari, na wanaume wetu ndo zao, basi tafuteni mwenzake aliyekuwepo siku alipoumia aandike alichokiona. Na wewe andika: anashukaje ngazi asubuhi, anashika ukuta au hashiki, aliacha lini kupiga magoti kwenye sala au kucheza na watoto chini. Ushahidi wa mke unapokelewa. Tena kama goti limeharibika kwa sababu mgongo unamfanya atembee kaegemea upande, daktari akilisema hilo ni njia nyingine kamili, goti linaingia kupitia mgongo ambao VA wameshaukubali.

Akiitwa kupimwa asikose, na tafadhali asiseme "niko poa daktari". Aeleze siku mbaya inavyokuwa. Hata kama goti linakunjika vizuri, likiuma wakati wa kukunjwa kanuni inampa angalau 10. Anayepima siye anayeamua, anayeamua ni afisa anayesoma faili, kwa hiyo ambacho hakijaandikwa yeye hakioni.

Mna mwaka 1 kuanzia tarehe ya barua. Kuna kuomba mkubwa aangalie faili lilelile, kuna kwenda kwenye bodi ya rufaa, lakini nyinyi mnahitaji ushahidi mpya kwa hiyo jazeni fomu 20-0995, ya madai ya nyongeza. Mkiwahi ndani ya mwaka, mkishinda malipo yanahesabiwa kwa tarehe ya madai ya kwanza, mkichelewa mnaipoteza hiyo tarehe na hela yake.

Huyo jamaa hapana jamani. DAV, VFW na American Legion, vyama vya wanajeshi wastaafu, wana watu waliosajiliwa na VA wanaofanya kazi hii bure. Wakili wa kulipwa anaruhusiwa baada ya uamuzi wa kwanza, ila naye lazima awe amesajiliwa, na jina lake mnalitafuta kwenye tovuti ya VA. Kama halimo, msimpe hata karatasi moja.

Halafu, kuanzia 30% mke na watoto wanaongezewa malipo, fomu ni 21-686c, na hata wazazi walioko nyumbani Afrika kama yeye ndo anawatunza na kipato chao ni kidogo, hao ni fomu 21P-509. Angalia kwenye barua kama wewe na watoto mmehesabiwa.