Sonona imeondoka lakini bado najiona si kitu: jibu kwa aliyeuliza

Mdogo wangu, umeuliza kama matibabu yako yameshindwa. Umesema ulimaliza vikao vya ushauri nasaha, usingizi na hamu ya kula vikarudi, ukakaa vizuri muda mrefu. Kisha ukakosa kazi uliyoifanyia usaili, na tangu hapo kichwani ni "sifai, nawachosha watu". Unauliza pia kama uende duka la dawa ukanunue zile ulizokuwa unameza zamani. Mimi nimeugua sonona mara mbili, na ya pili ilinikuta nimeshaagana na mshauri wangu kwa furaha, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

La dawa kwanza. Usijianzishie mwenyewe. Dawa ya sonona kama fluoxetini au amitriptilini haimezwi leo ikaachwa kesho kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa aendelee nayo kwa miezi kadhaa baada ya kupata nafuu, ili ugonjwa usirudi. Kama uliiacha mapema, hilo liwe la kwanza kumweleza daktari.

Sasa huko kujiona hufai. Sonona ikipungua, si kila kitu huondoka kwa pamoja. Unalala, unakula, unacheka na watu, na kila mmoja anasema umepona. Lakini ile hukumu uliyojikatia, kwamba wewe si mtu wa maana, huenda haijaguswa kabisa. Imenyamaza kwa kuwa hakuna kilichoiamsha. Mtu mwingine akikosa kazi huumia, hulala nayo siku mbili tatu, kisha anatafuta nyingine. Sisi tuliowahi kuugua, huzuni ileile huyaamsha maneno yote ya zamani: "Unaona? Si nilijua!" Wanasaikolojia John Teasdale, Mark Williams na Zindel Segal walijenga juu ya jambo hilohilo tiba yao ya kuzuia sonona isirudi, na utafiti waliouchapisha mwaka 2000 ulionyesha kuwa iliwasaidia hasa watu waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi. Hawamfundishi mtu asihuzunike. Wanamfundisha kuyatambua maneno yale yanapokuja na kuyaacha yapite, bila kukaa kubishana nayo.

Na ujue kwamba takriban nusu ya wanaopona sonona ya kwanza huugua tena, na kila inaporudi uwezekano huo huongezeka. Sikutishi. Nakwambia ili usije ukajilaumu kwamba hukujitahidi.

Kwangu mara ya pili haikuanza kwa machozi. Nilikuwa nalala vizuri, naingia darasani, nyumbani hakuna aliyeshtuka. Mshauri wangu aliniomba nifungue simu tusome pamoja meseji nilizotuma mwezi ule. Kwa mwalimu mwenzangu: "Samahani kwa usumbufu, ukipata nafasi tu, naomba daftari la mahudhurio." Kwa mama: "Shikamoo mama, samahani, najua umechoka, nilitaka kukusalimia tu." Kwa fundi viatu ambaye nilishamlipa: "Samahani, kama havijawa tayari hamna shida." Meseji baada ya meseji. Nilikuwa kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa hai. Tulipozipandisha hadi za miezi ya nyuma, nilikuta nikiwaandikia watu walewale kwa utani, hata kwa kudai changu.

Basi hiyo ndiyo dalili yangu, na dada yangu anaijua. Nimempa ruhusa yeye peke yake aniambie, "Kaka, umeanza tena." Zako zitakuwa nyingine. Kuna anayeacha kupiga pasi nguo, kuna anayeacha kupokea simu za mtu anayempenda. Kaeni na mshauri wako mzitafute, uziandike, umpe mtu mmoja unayemwamini.

Watu watakwambia usimame mbele ya kioo kila asubuhi useme "ninajipenda, mimi ni wa thamani". Siukubali ushauri huo kwa mtu aliye katika hali yako. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake huko Canada waliwapa watu sentensi ya namna hiyo wajirudierudie, na wale wenye kujithamini kidogo wakajisikia vibaya zaidi. Mimi inaniingia akilini kabisa, maana ukijisifu kwa jambo usiloliamini, moyo unakusuta papo hapo.

Kilichonifaa kilikuwa kutenganisha tukio na hukumu. Chukua karatasi uandike: niliitwa usaili, tulikuwa wengi, hawakunichagua. Mambo yaliyotokea yanaishia hapo. "Sifai" haikusemwa na mtu yeyote katika chumba kile. Kingine ni kurudi kufanya jambo lenye faida kwa mwingine hata kama hujisikii. Kule Harare, Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili, Dkt. Dixon Chibanda, mwaka 2006 hauishii kwenye mazungumzo na bibi wa mtaani waliofundishwa kuwasikiliza watu wenye sonona. Baada ya vikao mtu huunganishwa na kikundi cha wenzake, wakafuma mikoba pamoja huku wakiongea. Mimi nilirudi kuwafundisha hesabu jioni watoto wa majirani, na nilianza nikiwa sina hamu hata kidogo.

Usisubiri uzidiwe. Yakikujia mawazo ya kufa au kujidhuru, siku hiyohiyo mwambie mtu akusindikize hospitali. Lakini hata kama hayapo, mtafute mshauri wako wiki hii umsomee ulichotuandikia hapa, kisha muulize kama anaweza kukupangia vikao vya ufuatiliaji, hata kimoja kwa mwezi. Nauli ikiwa ndiyo kikwazo, omba mzungumze kwa simu. Wangu alikubali.