Kwa nini Jamhuri ya Hispania ilishindwa vita iliyoianza ikiwa na dhahabu na manowari?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu kinasema mwaka 1936 serikali ya Hispania iliwazidi waasi kwa fedha, viwanda na manowari. Sasa ilishindwaje?

Jibu: Marahaba. Kitabu hakijakosea. Uasi wa maofisa wa jeshi ulipoanza Morocco tarehe 17 Julai, serikali ilibaki na Madrid, Barcelona, Valencia na Bilbao, yaani sehemu kubwa ya viwanda, pamoja na akiba ya dhahabu iliyohesabika miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Waasi walishika sehemu kubwa ya maeneo ya ngano, na walikuwa na Jeshi la Afrika, yaani jeshi la Hispania lililokaa Morocco, lenye askari zaidi ya 30,000 waliokomaa vitani.

Ila askari hao walikuwa ng'ambo, Morocco, na mabaharia walikuwa wamewageuka maofisa wao ili manowari zibaki upande wa serikali na kuwazuia waasi kuvuka bahari. Hapa ndipo pa kukazia macho. Meli zilikuwepo, lakini ziliongozwa na kamati za mabaharia. Maofisa wengi waliojua kupanga doria walikuwa wamefungwa au wameuawa. Jenerali Franco, kamanda wa Jeshi la Afrika, naye akaomba ndege kwa Hitler na Mussolini. Kuanzia mwisho wa Julai, ndege za Junkers Ju 52 zikawa zinapakia askari Tetuán, Morocco, na kuwashusha Sevilla, Hispania, safari baada ya safari. Tarehe 14 Agosti askari hao waliuteka mji wa Badajoz. Mwanzoni mwa Novemba walikuwa kwenye viunga vya Madrid. Kwa maoni yangu, hakuna pigo lililoiumiza serikali kuliko kuvushwa kwa askari hao.

Na dhahabu? Uingereza na Ufaransa zilishikilia mkataba wa kutoingilia vita, ambao Ujerumani na Italia zilitia saini kisha zikaendelea kupeleka silaha. Serikali ilikuwa na fedha, ila milango ya kununulia silaha ilikuwa imefungwa. Oktoba ikasafirisha takriban tani 510 za dhahabu hadi Urusi ya Kisovieti, iliyokuwa ikiiuzia silaha. Franco alipewa silaha kwa mali kauli, na hata kampuni ya Texaco ya Marekani ilimkopesha mafuta.

Usiache kutaja udhaifu wa waasi: Jenerali Sanjurjo, aliyetarajiwa kuwaongoza, alikufa katika ajali ya ndege tarehe 20 Julai. Lakini kufikia tarehe 1 Oktoba walikuwa chini ya amri moja ya Franco, ilhali upande wa serikali, Mei 1937, ulikuwa bado unapigana wenyewe kwa wenyewe mitaani Barcelona.