Programu Inapokaa Kimya kwa Kompaila Moja na Kutoa Matokeo kwa Nyingine

Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa wanafunzi na wenzangu wanaoandika programu kwa lugha ya C ni hili: programu ileile, bila kubadilishwa hata herufi moja, hutoa matokeo yote kwenye kompyuta yenye Windows, lakini ikipelekwa kwenye Linux na kujengwa kwa kompaila nyingine (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha), mistari ya mwisho haionekani, na wakati mwingine hauonekani hata mmoja. Wengi huhitimisha papo hapo kwamba kompaila ni mbovu. Kwa uzoefu wangu hitimisho hilo huwa sahihi kwa nadra sana, na kabla ya kulifikia kuna swali moja linalopaswa kujibiwa: je, maandishi yale yaliandikwa yakakwama njiani, au hayakuandikwa kabisa? Hayo ni matatizo mawili tofauti, na tiba ya moja haisaidii chochote kwa lingine.

Maandishi kukwama ndilo tatizo linalotokea zaidi. printf, amri ya C ya kuandika matokeo, haipeleki maneno kwenye skrini moja kwa moja, bali huyaweka kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambako maandishi hungoja mpaka yawe mengi, kama daladala inayosubiri ijae ndipo iondoke kituoni. Utaratibu wa kuondoka hauamuliwi na kompaila yenyewe, bali na maktaba ya C inayoandamana nayo. Kwenye Linux, maktaba hiyo iitwayo glibc hupeleka maandishi kila inapokutana na alama ya mstari mpya, ilimradi stdout, yaani njia ya kawaida ya kutolea matokeo, imeunganishwa na terminali (dirisha la kuandikia amri). Ikielekezwa kwenye faili au kwenye programu nyingine, husubiri bafa ijae, na ukubwa wake kwa kawaida ni baiti 4096. Kwenye Windows, maktaba ya Microsoft iitwayo msvcrt, ambayo MinGW (GCC iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows) imeitumia kwa miaka mingi, huyatoa maandishi mara tu printf inapomaliza kazi yake, ikiwa yanakwenda kwenye dirisha la konsoli.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni programu ya kujumlisha ada za wanafunzi, iliyoandikwa kwa Code::Blocks, programu ya kuandikia na kujengea msimbo, kwenye Windows. Sehemu yake ya mwanzo ilikuwa hivi:

FILE *f = fopen("ada.txt", "r");
printf("Nasoma faili la ada... ");
fgets(mstari, sizeof mstari, f);

Faili lenyewe lilikuwa limehifadhiwa kwa jina la Ada.txt. Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, kwa hiyo huko lilifunguka bila shida. Linux hutofautisha, fopen, inayofungua faili, ikarudisha NULL (yaani hakuna kitu), fgets, inayosoma mstari, ikajaribu kutumia pointa isiyoelekeza popote, na mfumo ukaisimamisha programu palepale. Maneno ya printf yalikuwa bado ndani ya bafa, kwa sababu hayakuwa na alama ya mstari mpya, na programu inayouawa kwa namna hiyo haipati nafasi ya kumwaga bafa zake. Mwenye programu aliona skrini tupu, akaamini kwamba hitilafu iko juu ya printf, akaanza kukagua mistari isiyo na kosa lolote. Huo ndio ubaya wa kutegemea printf kama alama ya mahali programu ilipofika: isipoonekana, haithibitishi kwamba haikufikiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloshauri ni kutazama namba ambayo programu imeirudisha ilipokoma, kabla hata ya kufungua msimbo. Kwenye Linux andika echo $? mara baada ya programu kukoma. Ukipata 139, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, kwa maana 139 ni 128 kuongeza 11, na 11 ndiyo namba ya ishara inayotumwa kwa kosa hilo. Kwenye Code::Blocks kosa kama hilo huonekana kama -1073741819, ambayo kwa heksadesimali ni 0xC0000005. Ukipata sifuri, programu imefika mwisho kwa amani, na hapo ni lazima uanze kufikiri kwa njia nyingine.

Jambo la pili ni kuziandika alama zako za ukaguzi kwa fprintf(stderr, ...), kwa kuwa stderr, njia ya kutolea ujumbe wa makosa, kwa desturi haina bafa ya kusubiri, au kuweka fflush(stdout), inayomwaga bafa papo hapo, baada ya kila printf unayoitilia shaka. Ukitaka ushahidi usio na ubishi kwenye Linux, endesha programu kwa strace -e trace=write ./ada, nawe utaona kila maandishi yanayokabidhiwa kwa mfumo. Kama maneno yako hayamo kwenye orodha hiyo, hayakutoka kamwe. Wanaotumia Eclipse, programu nyingine ya kuandikia msimbo, kwenye Windows huona sura nyingine ya tatizo hilihili: swali kama "Weka jina lako:" halionekani mpaka mtumiaji awe ameshaandika jibu, kwa sababu dirisha la chini la Eclipse si konsoli halisi bali ni bomba (pipe), yaani mfereji wa kupeleka maandishi kwenye programu nyingine. Hapo inatosha kuweka setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0), inayoiondoa bafa, mwanzoni mwa main.

Sasa tuje kwenye maandishi ambayo hayakuandikwa kabisa, ambako mimi huona kazi yenyewe ndiko iliko. Kuna jaribio rahisi ambalo limeniokolea muda mwingi. Jenga programu kwa gcc na kwa clang, kompaila mbili za C, kwenye mashine moja ya Linux. Kwa kawaida kompaila zote mbili hapo hutumia glibc ileile, kwa hiyo ratiba ya bafa ni moja. Matokeo yakitofautiana hata hivyo, acha kuishuku bafa na uanze kuushuku msimbo wako: karibu kila mara mna humo jambo ambalo kiwango rasmi cha C hakikulipa maana, na kila kompaila imelichukulia inavyopenda. Kigeu kisichopewa thamani ya mwanzo ndicho mkosaji mkuu. Mtu akiandika int jumla; badala ya int jumla = 0; kisha akajumlisha ada zote na kumalizia kwa if (jumla > 0) printf(...), kompaila moja huenda ikakipa kigeu hicho mahali palipokuwa na sifuri kwa bahati tu, na nyingine ikakipa mahali penye namba hasi kubwa iliyoachwa na kazi iliyotangulia. Ya kwanza itaandika jumla, ya pili itakaa kimya, na zote mbili hazina hatia.

Mkosaji wa pili ni mjanja zaidi. Sharti kama if (x + 100 < x) printf("Namba imezidi") linakusudia kugundua namba kamili inapopita kikomo chake, lakini kwa namba zenye alama ya kujumlisha na kutoa, C haijaupa upitaji huo maana yoyote. Kompaila ina ruhusa ya kusema kwamba jambo hilo haliwezekani na kuufuta mstari mzima, onyo lako likiwamo. Andika if (x > INT_MAX - 100), ambapo INT_MAX ni namba kubwa kuliko zote ambayo int inaweza kubeba, na tatizo litakwisha. Asidhani mtu kwamba hayo huwapata wanafunzi tu: mwaka 2009 kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ilikutwa na udhaifu wa kiusalama baada ya GCC kuondoa ukaguzi wa NULL, kwa hoja kwamba pointa ilikuwa imeshatumika juu yake.

Vifaa vya kuwasaka wakosaji hawa vipo bila malipo. Jenga kwa -Wall -Wextra, zinazowasha maonyo, pamoja na -O2, inayowasha uboreshaji wa msimbo, kwa sababu baadhi ya maonyo ya gcc kuhusu vigeu visivyo na thamani hujitokeza tu uboreshaji unapowashwa. Tumia -fsanitize=address,undefined kwa makosa ya kumbukumbu na ya hesabu, lakini ujue kwamba haiwakamati vigeu vitupu; kwa hao tumia valgrind, programu ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, au -fsanitize=memory ya clang. Kurudi -O0, yaani bila uboreshaji, na kufurahi kwamba matokeo yameonekana sikushauri kabisa, maana kosa bado limo na litajitokeza siku mwenzako atakapojenga kwa mipangilio yake.

Na kama baada ya hayo yote bado unaamini kwamba kompaila ndiyo yenye kosa, fuata wanachokitaka watunzaji wa GCC wenyewe kabla hujawaandikia: jenga tena kwa -fno-strict-aliasing -fwrapv, zinazoizuia kompaila kutumia baadhi ya dhana zake kuhusu pointa na upitaji wa kikomo. Matokeo yakibadilika, wao huhesabu kwamba huenda msimbo wako ndio usio sahihi. Yasipobadilika, punguza programu mpaka ibaki mistari michache inayoonyesha kosa, kisha uitume pamoja na toleo la kompaila na amri kamili uliyoitumia kuijenga.