Barua kwa mwanangu: kitufe kimoja, kisha upeo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Magongo tu wazima, na mamako anakusalimu sana. Masika yameanza kwa nguvu mwaka huu. Tangu alfajiri ndege zinaingia uwanjani zikiwa zimefunikwa na mawingu, tunazisikia tu hatuzioni, na kila moja ikipita nakukumbuka wewe.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mtihani wa kuruka kwa vyombo, bila kutazama nje, umebakiza wiki tatu, sindano za redio za ardhini, VOR ya njiani na ILS ya kutulia, umezimudu, lakini ndege utakayotahiniwa ina GPS ya Garmin, ile GNS 430, na kila ukiigusa unajikuta umepoteza kimo au umetoka kwenye uelekeo. Ukaniuliza: "Baba, wewe uliizoeaje?"

Niliizoea kwa kuchelewa, na pale iliponiponza nitakueleza. Ila lielewe hili kwanza. Kimo hukipotezi kwa kuwa mashine ni ngumu. Unakipoteza kwa kuwa unajifunzia mashine angani. Vidole vinatafuta, macho yanavifuata vidole, na kwa muda huo ndege haina mtu. Mwalimu wako hawezi kukutibu hilo kwa kuongeza saa za kuruka. Dawa yake iko chini, mezani, na haina gharama. Garmin walitoa programu ya kuigiza mashine hiyo kwenye kompyuta. Iweke. Kila usiku panga safari ya kutoka Wilson kuja Mombasa, kisha ukiwa katikati jifanye mwongozaji wa ndege aliye chini amekubadilishia, uende Malindi moja kwa moja. Halafu akupe holdi, yaani kuzunguka mahali pamoja ukingoja, ambayo hukuitarajia. Rudia hadi mkono wenyewe ujue kwamba kizungushio kikubwa cha kulia kinakuhamisha kundi la kurasa na kidogo kinakuhamisha ukurasa, na kwamba ukishawasha kishale cha kuchagulia, kikubwa kinakisogeza na kidogo kinabadilisha herufi. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kizungushio ni kilekile na kazi imebadilika.

Sasa ile siku yangu. Nilikuwa natoka Lamu na ndege ya injini mbili, mwezi wa Mei, mawingu yameshuka na mvua inapiga kioo. Niliruhusiwa kuingia hapa Mombasa kwa ILS ya njia ya kutulia ya 03. Masafa nilikuwa nimeyaweka, nikayahakikisha, na sindano ikatulia katikati kama imegundishwa. Nikafurahi. Nikangoja ile ya mteremko ishuke, haikushuka. Nikaitazama vizuri nikaona bendera yake nyekundu imesimama. Ndipo macho yakaenda kwenye skrini, juu ya kitufe cha CDI, kile kinachochagua sindano ifuate nini, nikakuta herufi tatu ndogo: GPS. Zilipaswa kuwa VLOC. Ile sindano niliyoisifu ilikuwa inafuata mstari wa setilaiti, wala si redio ya uwanja. Mikono iliniingia baridi. Nikaongeza nguvu, nikapanda, nikamwambia mwongozaji naghairi kutua, nikazunguka nikarudi upya. Tulitua salama, alhamdulillahi, lakini usiku ule sikulala.

Tangu siku ile, kabla sijaanza kushuka hutamka kwa sauti: "Sindano inafuata nini?" Nawe itamke, hata mtahini akiwa pembeni. Hatakucheka.

Jambo la pili ni kughairi kutua, maana hapo ndipo vitufe na mikono vinagombana. Ukiingia kwa GPS na kufika mahali pa kughairi, mashine inaacha yenyewe kukupeleka kituo kinachofuata. Juu ya kitufe cha OBS patatokea SUSP, yaani imesitisha, na sindano itaendelea kukunyoosha mbele hata kama utaratibu unataka ukunje kushoto. Haijaharibika. Inakungoja wewe. Lakini usiikimbilie. Nguvu kwanza, pua juu, hakikisha unapanda, magurudumu na flapu, ndipo ubonyeze OBS ikupe kituo kinachofuata. Nimeona vijana hodari wakibonyeza kwanza na kupanda baadaye, na ardhi haimngoji mtu.

Pia zile herufi za chini kushoto zisome kama unavyosoma kipimo cha mafuta. ENR ni safarini, TERM ukiwa ndani ya maili 30 za uwanja, na APR kabla hujapita kituo cha mwisho, pale unapoanza kuteremkia kutua. Sindano inabadilika ukali wake pamoja nazo: kwenye TERM, ikienda pembeni kabisa maana yake umetoka njiani maili 1 ya bahari, kwenye APR ni 0.3. Umefika kituo cha mwisho na APR haijatokea? Usishuke. Hifadhidata nayo hubadilishwa kila siku 28, itazame tarehe yake unapowasha. Na usisahau RAIM, yaani mashine kuzikagua setilaiti zake: setilaiti 4 zinakupa mahali ulipo, lakini ili mashine ijue kama mojawapo inaidanganya inahitaji 5.

Mwisho ni mwili wako, mwanangu, nao unanitia hofu kuliko mashine. Ndani ya wingu, ukikunja polepole, baada ya sekunde kadhaa sikio linaacha kuhisi kwamba unakunja. Ukiinamisha kichwa ghafla wakati huo kutafuta kitufe, utahisi ndege inabiringika ilhali haijafanya lolote, na mkono utataka kuirekebisha. Kwa hiyo panga kila unachoweza kupanga ndege ikiwa imenyooka. Sogeza macho, kichwa kitulie. Bonyeza kitufe kimoja, rudi kwenye upeo bandia, kile chombo kinachokuonyesha ndege imelalaje. Kingine, rudi tena. Utaona ni polepole, lakini ukijipima utakuta umemaliza mapema kuliko ulipokuwa unabonyeza vitano kwa mpigo na kutumia dakika nzima kurudisha kimo.

Wikendi ijayo ukishuka pwani njoo na hiyo kompyuta. Mamako ameshatuachia meza. Nitakaa kulia kwako nikupe maagizo kama mwongozaji, nifunike vyombo kimoja kimoja kwa karatasi, na kila nikigonga meza utaniambia juu ya CDI pameandikwa nini.

Babako