Mramba au mdaka nzi mweusi? Usianzie mkiani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba ndege wako alikuwa mweusi kuanzia kichwani hadi mkiani, kwamba alitua juu ya waya wa uzio bila kutoa sauti, akashuka mara mbili nyasini na kurudi palepale, na kwamba mkia wake ulikuwa na panda ndogo mno. Mwenzako mmoja anasema huyo ni mramba (Dicrurus adsimilis), mwingine anasema ni mdaka nzi mweusi (Melaenornis pammelaina). Msichekane, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea jambo hilihili kwa miaka miwili nilipokuwa nikitazama ndege katika miombo, ambamo wote wawili huishi na pengine hutua juu ya mti mmoja.

Kosa langu lilikuwa kuutegemea mkia. Kila nilipomwona ndege mweusi asiye na panda ndefu niliandika daftarini "mramba mchanga", na sikuwa mjinga kabisa, kwa maana mramba mchanga kweli huwa na panda fupi kuliko mzazi wake, na hata mramba mzima anapobadili manyoya anaweza kupoteza yale ya pembeni ya mkia akabaki na kitu kisichoeleweka. Ukiona panda ndefu ambayo ncha zake zimepinda kuelekea nje mfano wa mkia wa samaki, mjadala umekwisha, huyo ni mramba. Usipoiona, mkia haujakuambia lolote.

Sasa mimi huanza na jicho. Jicho la mramba mzima ni jekundu, na jua likimwangaza kwa mbele wekundu huo huonekana vizuri kwa darubini, ilhali jicho la mdaka nzi ni la kahawia iliyokolea ambayo kwa mbali huonekana nyeusi tu. Tahadhari ni kwamba mramba mchanga naye ana jicho la kahawia, hivyo ukikuta jicho jeusi teremka kifuani: manyoya ya kifua ya mramba mchanga yana ncha nyeupe-nyeupe kama magamba, na kinda la mdaka nzi lina madoadoa ya rangi ya hudhurungi. Ndege asiye na magamba wala madoa, mwenye jicho jeusi na mkia usio na panda ya maana, ni mdaka nzi mzima. Mdomo nao husaidia ukiwa karibu, kwa sababu wa mramba ni mnene na ncha yake imepinda kidogo, na wa mdaka nzi ni mwembamba.

Lililonifumbua macho, hata hivyo, lilikuwa tabia. Asubuhi moja nilikaa nikimtazama mmoja wa hao "mramba wachanga" wangu. Alikaa kwenye tawi la chini, kimya, akawa anashuka ardhini, anaokota mdudu, anarudi. Mwishowe aliondoka na kiwavi mdomoni akaingia nyuma ya gome lililobanduka kwenye mti mkavu, na nikasikia makinda yakilia humo ndani. Mramba hafanyi hivyo kamwe! Yeye husuka kikombe chepesi kinachoning'inia kati ya vitawi viwili vilivyoachana, mahali pa wazi. Nililirudia daftari zima jioni ile, na kurasa nyingi zilichafuka kwa kalamu.

Mramba, kwa upande wake, ni mgomvi. Hudaka wadudu hewani kwa mizunguko ya ghafla, hufuata wanyama wanaolisha na moto wa nyika ili ale wadudu wanaokurupuka, na huwafukuza kunguru, mwewe, hata tai walio wakubwa kwake mara nyingi. Sijapata kumwona mdaka nzi akifanya ujasiri huo. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba mdaka nzi hufaidika kwa kufanana na jirani huyo anayeogopwa, na mimi naliona wazo hilo kuwa la busara. Ila usimtambue mramba kwa sauti peke yake, kwani huiga sauti za ndege wengine kwa ustadi. Katika Kalahari imethibitishwa kwamba hutoa milio ya hatari ya uongo, ndege wengine na nguchiro wakimbie, naye achukue chakula walichokiacha.

Wapo wengine wawili wa kukumbuka. Ndani ya msitu mnene kuna mramba mdogo mwenye mkia usio na panda ya kina (Dicrurus ludwigii), lakini jicho lake ni jekundu, na uzio wa mahali pa wazi si makazi yake. Dume la Campephaga flava pia ni jeusi, lakini lina pembe za mdomo za manjano na hutambaa polepole ndani ya majani likitafuta viwavi.

Kwa ndege wako, ukimya wake na namna alivyoshuka nyasini vinanielekeza kwa mdaka nzi, ingawa mramba naye hushuka chini mara mojamoja, kwa hiyo sitaapa. Kama ulimpiga picha, ikuze sehemu ya kichwa uiweke hapa tulione jicho na kifua.