Kabla Hujaomba Bunduki Ije Shambani

Karanga zikianza kukomaa, simu yangu nayo huanza kuita. Mara ndugu, mara jirani wa zamani, mara mtoto niliyemfundisha darasa la nne ambaye siku hizi ana ekari zake Bahi. Swali ni lilelile: "Shikamoo Mwalimu. Wewe si ndiye uliyeleta askari wakawapiga nguruwe? Na sisi tufanyeje tuwapate hao askari wa wanyamapori?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika hapa, pamoja na yale ambayo kwenye simu huwa nayaruka.

Shamba langu liko wilaya ya Chemba, upande wa Pori la Akiba Swagaswaga. Ni ekari sita za karanga na mtama, na kipande cha mahindi ambacho kila mtu aliniambia nalima kujifurahisha tu. (Mahindi, kwa mvua zetu hizi! Walikuwa sahihi.) Mwaka wa tatu nguruwe pori waliingia usiku wakafukua karanga utadhani trekta limepita. Wakarudi usiku uliofuata, na wa nne. Mbegu nilikuwa nimezinunua kwa mkopo wa kikoba. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema wanyama wamezidi, wapunguzwe. Nikapigiwa makofi.

Wamezidi. Neno hilo nilikuja kulitafakari baadaye, maana hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kuwahesabu. Tulichohesabu ni mashimo. Mzee mmoja wa Kisandawe alikuwa amekaa nyuma kabisa, akauliza, "Na chui wa mlimani amekwenda wapi?" Watu wakacheka, maana jibu tulikuwa nalo sote. Chui alikuwa akichukua mbuzi, mzoga ukatiwa sumu, akafa. Wakafa na fisi kadhaa, na tai waliokuja kula fisi. Hakuna aliyeuliza nini kitafuata. Sasa, chui ndiye mwindaji mkubwa wa watoto wa nguruwe na wa nyani, na jike la nguruwe pori hubeba mimba miezi minne tu, kisha huzaa watatu au wanne kwa mpigo. Tulimwondoa mwindaji wa bure, halafu tukaja mkutanoni kuomba mwindaji wa risasi.

Kibali kilitoka, askari wawili wakaja. Nguruwe wawili walianguka palepale. Wa tatu alipigwa tumboni akaingia kichakani. Giza lilikuwa limeshika, askari walikuwa na safari ya kijiji kingine asubuhi, na mimi sikusisitiza wamfuate. Nilitaka kulala. Siku ya tatu harufu ndiyo iliyotupeleka korongoni. Alikuwa jike, chuchu zimejaa maziwa. Watoto hatukuwaona.

Wale wawili nao hawakumfaa mtu. Kijijini kwetu wengi ni Waislamu, nguruwe hawamgusi. Waliobaki waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa: mnyamapori aliyeuawa shambani ni nyara ya Serikali, hata kama kala karanga zako mpaka ya mwisho, na wapo Watanzania waliohukumiwa miaka 20 jela kwa kukutwa na nyara bila kibali. Suala la nyama lilipaswa kumalizwa kabla ya risasi, nasi hatukulitaja hata mara moja. Tukachimba shimo tukazika. Wiki mbili baadaye karanga zilizobaki zikafukuliwa tena. Kichaka kilikuwa palepale na chakula kilikuwa palepale, kwa hiyo kundi jingine lilijaza nafasi.

Ndiyo maana anayenipigia simu namuuliza kwanza: unataka kumuua nani? Akijibu "nguruwe" au "tembo", namwambia hajafika bado. Aliyewahi kukaa kwenye dungu siku kumi na tochi anajua kama ni kundi moja au matatu, wanapitia wapi, na yupi anayewatangulia. Tofauti hiyo ina uzito. Kule hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, walihamishia tembo yatima ambao wakubwa wao waliuawa hifadhi ya Kruger kwa sababu hiyohiyo ya "wamezidi". Vijana wale wa kiume walikua bila wazee, na katika miaka ya 1990 wakaua vifaru zaidi ya 40. Dawa haikuwa kuwamaliza. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wazima kutoka Kruger, na vijana wakatulia.

Na kwa tembo hasa, nawaomba wenzangu wa Bahi na Manyoni tuwe na kumbukumbu. Mwaka 2009 nchi hii ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya mwaka 2014 ikakuta kama 43,000, ujangili umekula wengine. Kijana aliyezaliwa miaka ile, akiona leo tembo wanapita nyuma ya nyumba, kwake ni wageni waliozidi. Babu yake angesema wamerudi. Sisemi hivyo kumdharau aliyefiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi kwa aliyefiwa na kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao, lakini hicho cha mazao kiliwekewa mwisho wa ekari tano, na aliyelima ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi hakupewa kitu. Hasira ya watu ina sababu. Ila hasira haichagui shabaha.

Kuna uuaji mwingine ambao hatuuiti uwindaji, kwa hiyo hakuna anayeuhoji: kwelea kwelea. Ndege mmoja ana gramu kama 20 na hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku, hesabu mwenyewe mtama unaisha lini. Niliwahi kupiga kelele kama wengine ndege ya sumu ije, ikaja jioni wakati kwelea wamelala kwenye migunga. Asubuhi tuliokota pia bundi na kipanga, waliokula waliokufa. Tukatangaziwa tusile hata kwelea mmoja. Maelfu kwa maelfu ya nyama, chini, bure.

Huko Kondoa wapo watu wanaowatega kwelea kwa matenga na nyavu, wakawachemsha, wakawakaanga, wakawauza. Wanaua pia, na wanaua wengi. Lakini wanajua walichokamata, ndege asiyehusika wanaweza kumwachia, na jioni kuna mboga. Hawamalizi kundi la mamilioni, nakubali, na mwaka ambao kwelea wamefunika anga sitamlaumu mkulima anayeomba ndege ya sumu. Nasema tu kwamba matenga yaanze mapema, kwelea wakiwa bado wanajenga viota. Tusisubiri mpaka kilichobaki kiwe ni sumu.

Kwa upande wa shamba lenyewe, yaliyonisaidia si ya ajabu. Nilifyeka kichaka upana wa hatua 30 kuzunguka karanga, maana nguruwe pori hapendi kukaa peupe. Majirani wanne tuliweka zamu ya kulinda kwenye dungu, na mbwa. Upande wa njia ya wanyama nimehamishia ufuta, ambao hawaukimbilii kama karanga. Mtama nauamia kwa teo na debe kama alivyofanya mama yangu, na mikono inauma kama ilivyomuuma yeye. Mitego ya waya niliikataa, na nikagombana na kaka yangu kwa ajili hiyo. Waya haujui nguruwe. Wa kwanza kunaswa alikuwa mbwa wetu wenyewe, wa pili digidigi.

Msimu uliopita niliomba bunduki tena. Watu hushangaa nikisema hivyo, kana kwamba nilikuwa nimeapa. Kulikuwa na dume moja, pembe moja imevunjika, lililomchana paja kijana wa zamu na halikuogopa tena mbwa wala tochi. Safari hii kabla askari hajafika niliuliza nani atafuata damu mnyama akijeruhiwa, na mzee yule wa Kisandawe akasema ni yeye. Nyama tuliiombea ruhusa wilayani mapema, na majina ya watakaoichukua yakaandikwa: nyumba nne ng'ambo ya mto.

Askari alikaa kwenye dungu usiku mbili bila kufyatua. Usiku wa kwanza alikuja jike na watoto watano, wakala karanga zangu mbele ya macho yetu, nami nikauma kanga yangu nikanyamaza. Usiku wa tatu lilikuja dume. Risasi moja. Mzee alishuka na tochi, akapapasa mdomo, akagusa pembe iliyovunjika, akaita, "Mwalimu, ndiye."

Wenye nyama walifika kabla ya jua na visu vyao. Mimi nilikwenda kung'oa karanga walizobakiza wale watano.