Rufaa nimeshinda, mbona wananipa mkataba mpya?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mtunza vyumba katika hoteli moja ya Kiwengwa, huu mwaka wa sita. Tarehe 1 Machi nilifukuzwa kwa tuhuma ya kupotea mashuka. Walinilipa notisi ya mwezi mmoja, shilingi 480,000 ambazo ndizo mshahara wangu, na siku 10 za likizo nilizokuwa nazo. Nilikata rufaa kwa meneja mkuu, na mwisho wa Mei nikapata barua kwamba rufaa imekubaliwa na nirudi kazini tarehe 1 Juni. Nilipokwenda, afisa utumishi kanipa mkataba mpya wa mwaka mmoja, kazi ya dobi, mshahara pungufu. Miezi mitatu iliyopita wanasema hawalipi kwa sababu sikufanya kazi. Nitie saini?
Mtunza vyumba, Kaskazini Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Usitie saini, bibie. Na usikae nyumbani pia, kwa sababu kukaa nyumbani ndiko kunakowaponza wengi: siku chache zikipita, barua inayofuata ni ya utoro kazini, na hiyo ni kesi mpya kabisa ambayo huna rufaa uliyokwisha kuishinda.

Rufaa ya ndani ikikubaliwa, kule kufukuzwa kunafutika. Mkataba wako haukufa ukazaliwa mwengine. Ni ule ule, na kwa hesabu ya sheria haukukatika hata siku moja. Kwa hiyo unarudi na cheo chako, mshahara wako, siku zako za likizo na ile miaka yako sita. Huko ndiko kurejeshwa kazini. Kuajiriwa upya ni jambo jengine: unaanza sifuri, kwa masharti mapya, na miaka sita ya utumishi inabaki kuwa hadithi utakapofika wakati wa kuhesabu kiinua mgongo. Mwajiri anayekuletea mkataba mpya baada ya rufaa kukubaliwa anajaribu kukutoa kwenye la kwanza akuingize kwenye la pili, na saini yako ndiyo anayoihitaji. Wakati mwengine si hila, ni afisa aliyezoea kwamba kila anayeingia mlangoni hujaza fomu. Hasara kwako ni moja.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani kwengine. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, ilisema kwamba pale mkataba unapompa mfanyakazi haki ya kukata rufaa, na rufaa ikashinda, pande zote mbili zinafungwa kuhesabu kwamba ajira iliendelea muda wote, hata kama barua haikuandika hivyo. Hukumu hiyo haiifungi Mahakama ya Kazi ya Zanzibar, lakini hoja yake ni ya kimkataba, na mwanasheria wako anaweza kuitumia.

Sasa la kufanya. Ripoti kazini saa yako ya kawaida, kwenye idara yako ya vyumba, na utie saini kitabu cha mahudhurio. Siku hiyo hiyo peleka barua fupi, nakala mbili. Andika hivi: “Nimeripoti leo kwa mujibu wa barua yenu iliyokubali rufaa yangu. Niko tayari kuendelea na kazi yangu ya kutunza vyumba kwa masharti yale yale. Mkataba mpya mlionipa sijaukubali. Naomba mshahara na stahiki zangu kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei.” Nakala moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo. Wakikataa kugonga, ipige picha uitume kwa barua pepe ya ofisi au kwa WhatsApp ya afisa utumishi, uandike na jina la aliyeshuhudia ukiikabidhi.

Wakikulazimisha dobi, ushauri wetu ni uende dobi, lakini kwanza uandike kwamba unakwenda kwa muda na hukubaliani. Ukigoma wanakufungulia kesi ya kukataa agizo la kazi. Ukienda kimya ukapokea mshahara pungufu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, siku utakapolalamika wataambia wasuluhishi kwamba ulikubali kwa vitendo. Kimya chako ndicho ushahidi wao.

Tuje kwenye pesa. Kanuni ni kupata kile ambacho ungekipata kama hukufukuzwa, si zaidi na si pungufu. Machi, Aprili na Mei ni 480,000 mara tatu, yaani 1,440,000. Notisi waliyokulipa wana haki ya kuikata, maana mtu ambaye hakuachishwa hana notisi: inabaki 960,000. Pesa za likizo ama wazikate na zile siku 10 zirudi kwenye hesabu yako, ama wakuachie pesa na siku zihesabiwe umeshazila. Kukata pesa na siku pamoja ni kukutoza mara mbili, na kosa hilo hutokea sana kwa kuwa mhasibu na afisa utumishi hawazungumzi.

Jitayarishe na hoja moja ya hoteli zetu: masika. Aprili na Mei wageni ni wachache, na baadhi ya hoteli huwapa wafanyakazi likizo bila malipo. Watakwambia hata ungekuwepo usingelipwa. Hoja hiyo ina nguvu ikiwa tu wenzako wa idara ya vyumba kweli walikwenda likizo hiyo na kwa makubaliano ya maandishi. Omba ratiba ya zamu ya miezi hiyo. Ikiwa wote walipumzishwa nusu ya Aprili, toa 240,000, inabaki 720,000. Ikiwa waliopumzishwa ni wawili tu na wengine wakafanya kazi, kwa nini wewe uhesabiwe na wale wawili? Na ikiwa hoteli hugawa savisi chaji, dai fungu lako kwa karatasi za mgao wa miezi hiyo. Bakhshishi za wageni ziache, hazina karatasi. Riba ya mkopo iliyopanda benki kwa sababu mshahara haukuingia nayo ni ngumu kuidai, ila inafaa kutajwa mezani mnapozungumza.

Kiasi hicho ni kabla ya makato. Kitakatwa kodi ya mapato na mchango wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na hapo ndipo pa kuwa macho: mwajiri naye anatakiwa apeleke sehemu yake kwa miezi mitatu yote. Baada ya mwezi mmoja chukua taarifa ya michango yako ZSSF uangalie kama Machi, Aprili na Mei zimo. Pengo la miezi mitatu halionekani leo. Linaonekana siku ya kustaafu.

Mwisho, soma tena barua ya rufaa. Je, inasema tuhuma ya mashuka imefutwa, au inasema tu urudi? Ikiwa imenyamaza, omba waandike. Ikiwa wamebadilisha adhabu kuwa onyo la mwisho, uliza linakwisha lini. Onyo lisilo na tarehe hubaki kwenye faili likingoja shuka jengine lipotee.

SWALI: Nimeshinda rufaa lakini sitaki kurudi, maana meneja aliyenifukuza bado yupo. Rafiki yangu wa Dar es Salaam ananiambia nikatae kurudi, nidai fidia ya mishahara ya miezi 12. Ni kweli?
Karani, Chake Chake

JIBU: Rafiki yako anazungumzia sheria ya Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya huko. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Nambari 1 ya 2005, na mgogoro unapelekwa kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro kilicho chini ya Kamisheni ya Kazi, kisha Mahakama ya Kazi. Lalamiko lililoandikwa kwa vifungu vya Bara linaanza na mguu mbovu.

Lakini hata bila ya hilo, fidia ya kufukuzwa inataka pawe na kufukuzwa, na wewe rufaa yako imeshafuta kule kufukuzwa. Njia zilizobaki ni kurudi kisha ukaacha kazi kwa notisi, au kuacha ukidai mwajiri ndiye aliyekulazimisha. Hii ya pili ni nzito, kwa sababu wewe ndiye wa kuthibitisha, na “simpendi meneja” haitoshi. Vitisho baada ya kurudi, mshahara kukatwa, kunyang’anywa kazi, hivyo vina uzito vikiwa na tarehe na mashahidi.

Iliyo bora mara nyingi ni makubaliano ya kuachana. Mwajiri aliyeshindwa rufaa naye hana hamu ya kukuona kila asubuhi, na hapo ndipo pana nafasi ya kuzungumza. Yaandikwe malimbikizo ya mshahara, notisi, likizo, kiinua mgongo kama mkataba unacho, michango ya ZSSF, na barua ya utumishi isiyotaja kufukuzwa. Karatasi ya “sina madai tena” usiisaini kabla ya pesa kuingia benki. Kabla ya kusaini mpe asome mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi, au uende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar.

SWALI: Mkataba wangu wa mwaka mmoja ulimalizika Aprili. Rufaa nimeshinda Mei. Narudi wapi?
Dereva, Paje

JIBU: Hurudi, ila unalipwa. Rufaa inaufufua mkataba mpaka siku yake ya kumalizika na si zaidi. Dai mshahara hadi siku hiyo, likizo iliyobaki, na marekebisho ya barua ya mwisho isomeke “mkataba umemalizika” badala ya “ameachishwa kwa utovu wa nidhamu”. Kama miaka iliyopita ulikuwa ukiongezewa kila mara na dereva mwenzako kaongezewa, omba sababu ya kuachwa kwa maandishi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli ya Serikali, nimerejeshwa. Malimbikizo nayafuatilia wapi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Mlango wako ni mwengine: Sheria ya Utumishi wa Umma Nambari 2 ya 2011. Anza kwa afisa utumishi wa wizara yako ukiwa na barua ya kufukuzwa, barua ya kurejeshwa, na hati ya mshahara wa mwezi wa mwisho uliolipwa. Hakikisha kwanza jina lako limerudi kwenye orodha ya malipo, ndipo udai ya nyuma, maana malimbikizo ya mtu asiye kwenye orodha hayana pa kupitia. Barua ya madai itaje kila mwezi na kiasi chake, pamoja na nyongeza ya mwaka kama iliangukia wakati ulipokuwa nje.